Kusoma Upya Riwaya za Safari za Wakati na Kuziandikia Hadithi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamekusudiwa wasomaji wanaorudia riwaya walizozipenda za watu wanaosafiri katika wakati, kisha wanataka kuwatungia wahusika wake hadithi zao wenyewe kwa Kiswahili. Mifano mingi imetoka kwenye The Time Machine ya H. G. Wells, iliyochapishwa London mwaka 1895. Tumeichagua kwa sababu ni fupi, inapatikana bure kihalali, na mambo ambayo Wells aliyaacha bila kuyaeleza yanatosha kulisha waandishi kumi.

Hadithi ya shabiki ni nini, na inatofautianaje na wizi?

Ni hadithi mpya ambayo msomaji anaiandika juu ya wahusika au ulimwengu wa mwandishi mwingine, bila malipo. Wengine huiita fanfiki. Mwizi huchukua maneno ya mtu akayatia jina lake. Shabiki huchukua mtu na mahali, akatunga maneno yake, na akasema wazi ametoa wapi. Kunukuu sentensi moja mbili ili msomaji akumbuke tukio si kosa. Kunakili sura nzima na kubadilisha majina ni kosa, hata ukiandika juu kabisa kwamba humiliki chochote.

Riwaya naikumbuka vizuri. Kwa nini niisome tena?

Kwa sababu unachokumbuka huenda ni filamu. Watu wengi wakiulizwa mashine ya Wells ikoje, hueleza ile sahani kubwa inayozunguka nyuma ya kiti. Sahani hiyo ni ya filamu ya mwaka 1960. Kitabuni mashine ina nikeli, pembe ya ndovu, vipande vya fuwele na tandiko la kukalia kama la baiskeli. Filamu hiyo ndiyo iliyompa msafiri jina la George. Kitabuni hana jina, anaitwa Msafiri tu.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Kumbukumbu hulainisha. Unakumbuka kwamba Weena, yule msichana mdogo wa Waeloi, watu wadogo wanaoishi juu ya ardhi mwaka 802,701, aliuawa na Wamorlock, viumbe wa chini ya ardhi wanaowawinda. Kitabuni Msafiri anampoteza gizani, msitu unashika moto, asubuhi anamtafuta na haoni hata dalili yake. Anahitimisha tu kwamba mwili umebaki msituni. Mwili wenyewe hakuuona. Hadithi ngapi zinaweza kuingia kati ya «hakuuona» na «amekufa»?

Nisome mara ngapi, na nifanye nini kila mara?

Mara tatu zinatosha kwa kitabu kifupi. The Time Machine ina maneno kama 32,000. Msomaji wa kawaida huimaliza kwa saa tatu au nne.

Mara ya kwanza soma bila kalamu. Ukianza na kalamu mkononi utaandika mambo yanayojulikana na wote na kuikosa ladha iliyokurudisha. Mara ya pili soma ukiwa na daftari, na ufuate kitu kimoja tu: saa. Kila palipotajwa saa, siku, mlo, jua kutua au idadi ya usiku, andika pamoja na sura. Mara ya tatu fuata watu wasiosafiri, yaani mtumishi, mke, jirani, wageni wa chakula. Hao ndio mwandishi huwaacha nje ya chumba, na mara nyingi hadithi yako itaanzia kwao.

Kwa riwaya nene usijitese kusoma yote mara tatu. Rudia sura za kuondoka na kurudi, kwa sababu hapo ndipo kanuni za safari hutajwa au hukiukwa.

Jedwali la saa mbili ni nini?

Ni karatasi yenye safu nne. Safu ya kwanza ni saa ya nyumbani, yaani ya watu waliobaki. Ya pili ni saa ya mwili wa msafiri: amekula lini, amelala lini, ndevu zimekua kiasi gani. Ya tatu ni mahali ilipo mashine, mlango au chochote kinachompitisha. Ya nne ni vitu alivyo navyo mfukoni.

Mfano wa Wells ukijazwa unakuwa hivi. Saa nne asubuhi na dakika moja hivi, Msafiri anajaribu mashine kwa mara ya kwanza. Akitazama saa ya ukutani anaona inakaribia saa tisa na nusu alasiri. Kwa hiyo mwili wake haukuishi saa zile tano na zaidi. Saa kumi anaondoka kweli. Saa moja na nusu usiku yuko mezani mbele ya wageni, anachechemea, amejaa vumbi, kidevuni ana jeraha lililoanza kupona, na anasema ameishi siku nane. Nyumbani zimepita saa tatu na nusu, mwilini siku nane. Ukiandika hadithi ambayo wageni wanamshangaa kwa kuwa ndevu zake ni zilezile za asubuhi, jedwali litakukamata kabla msomaji hajakukamata.

Safu ya tatu ina zawadi yake. Mashine iliondoka ikiwa kona ya kusini-mashariki ya maabara, ikarudi ikiwa kaskazini-magharibi, ukutani. Kwa nini? Kwa sababu Wamorlock waliikokota kutoka kwenye nyasi hadi ndani ya kitako cha sanamu ya Sphinx, na umbali ule ndio umbali kati ya kona mbili za maabara. Kwa sentensi moja Wells amethibitisha kwamba mashine yake inasafiri katika wakati peke yake, haihami mahali. Fanfiki nyingi za kitabu hiki zinaanguka hapa: Msafiri anapanda Richmond, anakoishi, anashuka Misri, na hakuna aliyeibeba mashine.

Safu ya nne, ya vitu, wengi huipuuza. Msafiri hufungua vishikio viwili vya mashine na kuvitia mfukoni, ndiyo maana Wamorlock walioiiba hawakuweza kuiendesha. Mwishoni anawasha njiti ashindwe, kwa sababu ni kiberiti cha aina inayowaka kwenye boksi lake tu, na boksi hana. Ukimpa Msafiri wako kiberiti kisichoisha umeua hofu ya nusu ya kitabu. Hesabu njiti.

Kitu kingine mfukoni mwake usiku ule ni kafuri, aliyoipata kwenye lile jumba la makumbusho lililochakaa. Kwa Wells kafuri ni kitu kinachowaka vizuri, basi. Kwa msomaji wa pwani yetu kafuri ni harufu ya kuosha maiti na kukafini. Msafiri anaingia msituni na Weena, kafuri mfukoni, na Weena harudi. Mwandishi wa Kiswahili amepewa hapa kitu ambacho Wells mwenyewe hakujua amekiweka, na itakuwa hasara kukiacha.

Nitajuaje kanuni ya safari katika riwaya ninayoipenda?

Jibu maswali matano kwa ushahidi wa kitabu. Nini kinamsafirisha? Nani anachagua lini? Anaweza kubeba nini? Akirudi, muda gani umepita nyumbani? Alichokibadilisha kinabaki?

Majibu hutofautiana sana, na tofauti hizo ndizo roho ya kila kitabu. Katika 11/22/63 ya Stephen King (2011) mlango hufunguka siku moja tu, tarehe 9 Septemba 1958, saa sita kasoro dakika mbili mchana. Ukae huko wiki moja au miaka mitano, ukirudi zimepita dakika mbili. Na ukipita tena, yote uliyobadilisha mara iliyotangulia yanafutika. Katika Kindred ya Octavia Butler (1979) hakuna mashine wala mlango. Dana, mwanamke mweusi wa California mwaka 1976, anavutwa hadi Maryland ya enzi ya utumwa kila Rufus, mzungu aliye mmoja wa mababu zake wa kale, anapokaribia kufa. Na hurudi pale yeye mwenyewe anapoamini kwamba anakufa. Katika The Time Traveler's Wife ya Audrey Niffenegger (2003) Henry hachagui lini wala wapi, na hufika uchi.

Angalia kwamba kila kanuni inakuja na gharama. Kwa King ni kufutika kwa kazi yote, kwa Butler ni hofu ya kufa, kwa Niffenegger ni nguo. Ukimwandikia Dana safari anayorudi kwa kutaka tu, bila hofu, umeondoa kile kilichokifanya kitabu kiwe kile. Unaweza kuipinda kanuni kwa makusudi, lakini msomaji aione imepindwa, na mtu katika hadithi ailipie.

Nianzie wapi? Sina wazo la hadithi.

Tafuta mwanya, yaani muda ambao kitabu kinasema umepita na hakisemi kilitokea nini. Mianya mizuri ina mlango mbele na mlango nyuma: tunajua mtu aliingia akiwa vipi na akatoka akiwa vipi.

Katika Kindred, mume wa Dana, Kevin, anaachwa karne ya 19. Kwa Dana zinapita siku nane nyumbani, kwa Kevin miaka mitano. Kitabu kinagusa miaka hiyo kwa maneno machache tu. Katika The Time Machine kuna mwisho maarufu: Msafiri anamwomba rafiki yake amsubiri nusu saa, anaingia maabara na kamera ndogo na mkoba, na baada ya miaka mitatu bado hajarudi. Huo ni mwanya wenye mlango mmoja. Wanaoanza huupenda, nao ndio mgumu kuliko yote, kwa kuwa hakuna kinachokuzuia. Stephen Baxter aliujaza kwa riwaya nzima, The Time Ships, mwaka 1995, kwa idhini ya warithi wa Wells. Ukitaka jambo dogo linaloshikika, chukua sentensi moja ya safari ya kurudi: Msafiri anahisi amemwona Hillyer kwa nukta moja, akapita kama umeme. Hillyer ni nani? Mtumishi? Ndiye yule rafiki anayetusimulia? Kitabu hakimtaji popote pengine. Alikuwa anatafuta nini maabara saa ile?

Andika mianya kumi kwenye karatasi, kisha ufute yote inayoanza na «ingekuwaje kama kila kitu». Hiyo ni riwaya, na bado hujaandika kurasa tano.

Naruhusiwa kubadilisha yaliyotokea? Na yule babu je?

Unaruhusiwa, ila chagua mfumo mmoja kabla ya kuandika aya ya kwanza. Mifumo mikuu ni mitatu. Wa kitanzi: kila alichofanya msafiri kilikuwa kimekwishatokea tangu awali, hakuna kinachobadilika, na maumivu yanatokana na kujua. Wa kufuta: yaliyopita hubadilika na ya kale hayapo tena, ila kichwani mwa msafiri. Wa matawi: badiliko huzaa dunia ya pili, na ile ya kwanza inaendelea bila yeye.

Lile fumbo la mtu kwenda kumuua babu yake kabla hajamzaa baba linasumbua mfumo wa kufuta tu. Kwenye kitanzi bastola itagoma au aliyekufa hakuwa babu. Kwenye matawi mjukuu ameua babu wa mtu mwingine. Kosa linalojirudia ni kuchanganya: sura ya pili ni kitanzi, sura ya saba mwandishi amempenda mhusika aliyekufa, anamwokoa, na ghafla tuko kwenye kufuta. Wasomaji wa hadithi hizi husamehe tahajia mbovu, ila hili hawalisamehi.

Nitumie toleo lipi?

Lolote, mradi ulitaje. Hadithi ya Wells ilitoka kwanza kwa mfululizo katika jarida la New Review mwaka huohuo wa 1895, na kuna kipande cha safari ya mbele zaidi kilichokuwamo jaridani ambacho kitabu kiliacha. Kuna matoleo ya sura 16 na ya sura 12, hivyo «sura ya tano» peke yake haimsaidii mtu. Taja tukio.

Saa za kitabu nizigeuze kuwa za Kiswahili?

Ndiyo, zote, na ukague mara mbili. Kosa la kwanza ni la uvivu: 7:30 ya Wells inakuwa «saa saba na nusu», na wageni wanakula chajio adhuhuri. Toa au ongeza sita, na useme asubuhi, mchana, jioni au usiku.

Kosa la pili ni la siri. Wageni wa Msafiri hukutana Alhamisi. Ukiandika «usiku wa Ijumaa» kwa mazoea ya bara, msomaji wa Lamu au Unguja ataelewa usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao ni Alhamisi kwa kalenda ya ukutani. Ukiandika «usiku wa Alhamisi», huenda akaelewa Jumatano. Katika hadithi ya mapenzi hilo halina madhara. Katika hadithi ambayo saa moja ndiyo fumbo, litakuangusha. Andika «Alhamisi jioni», au «usiku wa kuamkia Ijumaa», na usibadilishe mtindo njiani.

Kuna faida pia. Lugha yetu ina kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo. Msafiri anayesema «tutaonana mtondogoo» akaja kuonekana jana yake amechekesha bila jitihada.

Vitenzi nivifanyeje? Yaliyopita yako mbele na yajayo yako nyuma.

Hapa ndipo Kiswahili kinapolipa kuliko popote, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwa masimulizi tumia -li- kufungua tukio na -ka- kulisukuma, kwa kufuata saa ya mwili wa msafiri. Kama alikwenda mwaka 802,701 kisha akarudi 1895, safari ya mwaka 802,701 inasimuliwa kwa -li-, kwa sababu kwake imekwishapita. Usijaribu kuisimulia kwa -ta- eti kwa kuwa ni wakati ujao. Baada ya kurasa mbili msomaji ataiweka chini.

Mchezo wenyewe uko kwenye -nge- na -ngali-. Mitaani tunazichanganya na hakuna anayegombana. Katika hadithi hizi zitenganishe. -Ngali- hufunga mlango: jambo limepita, halirudi. -Nge- huuacha umeegeshwa. Na -ki- pamoja na -ta- huuacha wazi kabisa. Mgeni wa chakula, anayeishi katika wakati mmoja kama sisi, atasema: «Asingalikwenda msituni usiku ule, Weena asingalipotea.» Msafiri anayefunga mkoba wake atasema: «Nisipokwenda msituni usiku ule, Weena hatapotea.» Usiku ni uleule, ila mmoja amemzika na mwingine anapanga kumtoa. «Usiku ule» na «hatapotea» ndani ya sentensi moja ni kosa la sarufi kwa watu wote isipokuwa mtu mwenye mashine. Usiutumie mchezo huu kila ukurasa. Mara moja au mbili, mahali msomaji anapopaswa kushtuka.

Mtu akikutana na nafsi yake ya umri mwingine, «yeye» ni yupi?

Kiambishi a- hakitofautishi mtu na mtu, na hapa wote wawili wana jina moja. Tumia «huyu» kwa yule tunayemfuata na «yule» kwa anayeonekana kwa macho yake, na usivibadilishe hadi tukio liishe. Au taja umri, kama Niffenegger anavyofanya: kila sehemu ya kitabu chake inaanza na tarehe na umri wa Henry na wa Clare, mke wake. Mara ya kwanza Clare anapomwona Henry, yeye ana miaka 6 na Henry 36. Kichwa kidogo cha namna hiyo kinaokoa aya nzima ya maelezo. Majina ya «Henry Mkubwa» na «Henry Mdogo» yanafaa wakiwa wawili. Wakifika watatu yanavunjika.

Wamorlock au mamorlock? Ngeli ipi?

Chaguo lako linasema unawaonaje. Msafiri mwanzoni anawaona kama wadudu weupe wa chini ya ardhi; sauti yake ya sura za mwanzo inakubali «lijitu lile lilinigusa». Hadithi ikisimuliwa na Mmorlock, ngeli ni ya watu tangu neno la kwanza, na Waeloi huenda wakawa «vile vijitu vya juu». Ukitaka kuonyesha Msafiri amebadilika, mhamishe kutoka «li-» kwenda «a-» bila kusema chochote. Msomaji ataona. Mhariri asiyeelewa atakurekebishia, kwa hiyo mwonye mapema.

Naweza kumleta Msafiri pwani yetu?

Unaweza, kwa meli. Mashine haihami mahali, basi lazima mtu aipakie London, ipite Mfereji wa Suez uliofunguliwa 1869, iteremshwe Unguja. Ukiiweka ghorofa ya pili ya jumba la Beit al-Ajaib kisha ukarudi nyuma zaidi ya mwaka 1883 lilipojengwa, Msafiri atajikuta hewani. Iweke chini.

Ukimpeleka Agosti 27, 1896, kumbuka kwamba mabomu ya Waingereza yalianza baada tu ya saa tatu asubuhi na vita viliisha ndani ya saa moja. Ana muda mfupi kuliko mlo wa Richmond. Mfukoni awe na rupia, kwani shilingi ya Afrika Mashariki iliingia Zanzibar mwaka 1936. Barua atakayoiokota itakuwa ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Na asiongee Kiswahili sanifu: mkutano wa Mombasa uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji ulikuwa mwaka 1928.

Hadithi ya kwanza iwe ndefu kiasi gani?

Maneno 1,500 hadi 3,000, tukio moja, safari moja. Gawa hivi: maneno 200 yasizidi kumkumbusha msomaji yuko wapi kitabuni, mengine yote yawe mapya. Wanaoanza hutumia robo ya hadithi kusimulia upya kitabu ambacho kila anayewasoma amekisoma.

Ukitaka sura nyingi, andika zote kabla ya kuweka ya kwanza hadharani. Katika hadithi za wakati, sura ya tisa hukulazimisha kurekebisha sura ya pili, na sura ya pili ikishasomwa na watu huwezi kurudi nyuma. Huna mashine.

Nani aisome kabla?

Watu wawili wa aina tofauti. Mmoja anayekijua kitabu, umpe jedwali lako la saa mbili pamoja na hadithi, na kazi yake iwe kutafuta mahali vinapopingana. Mwingine asiyekijua kabisa, umpe hadithi peke yake, umwombe apige mstari kila alipopotea. Mistari ikizidi mitano, tatizo si yeye. Usiwaulize kama wameipenda, watasema ndiyo.

Sheria inasemaje?

Kwa Wells ni rahisi. Alifariki Agosti 13, 1946. Uingereza hulinda kazi kwa maisha ya mwandishi na miaka 70 baada yake, kwa hiyo vitabu vyake viko huru huko tangu Januari 2017. Kenya, inayohesabu miaka 50, viko huru tangu 1997. Marekani kitabu cha 1895 hakilindwi. Hadithi yako juu ya Msafiri unaweza hata kuiuza. Ila chukua vitu vya kitabu tu: ile sahani inayozunguka ni ya filamu, na mambo aliyoyabuni Baxter ni ya Baxter. Mark Twain, aliyempeleka Myankee wake hadi kwa Mfalme Arthur katika riwaya ya 1889, naye yuko huru.

Butler alifariki 2006, King na Niffenegger wamechapisha juzi tu kwa hesabu ya sheria. Hadithi za mashabiki juu ya kazi zao zinaishi kwa kutouzwa na kwa uvumilivu. Sheria hutofautiana nchi kwa nchi. Usiuze, usichapishe kitabu, usiweke namba ya M-Pesa chini ya sura. Na soma mwandishi amesema nini. Diana Gabaldon, mwandishi wa riwaya za Outlander, alitangaza hadharani mwaka 2010 kwamba hataki wahusika wake waandikiwe. Heshima inataka uchague kitabu kingine, hata kama hakuna atakayekufuata.

Niiweke wapi?

Archive of Our Own, maarufu kama AO3, ni hifadhi isiyo ya biashara, ilifunguliwa kwa umma mwaka 2009 na ikapata tuzo ya Hugo mwaka 2019. Kujiunga unaomba mwaliko kwa barua pepe na kusubiri foleni. Unapoweka hadithi, chagua Kiswahili kwenye orodha ya lugha. Ukiisajili kuwa ya Kiingereza kwa mazoea, anayetafuta Kiswahili haioni. Weka kiwango cha umri, maonyo kama kuna mauaji au ukatili, jina la kitabu na majina ya wahusika kama yalivyo asili, ili watafutaji wayapate. Muhtasari andika kwa Kiswahili, na mstari mmoja wa Kiingereza si dhambi. Rasimu isiyochapishwa hufutwa baada ya karibu mwezi mmoja, kwa hiyo nakala halisi ikae kwenye simu au kompyuta yako. Matangazo ya kuomba pesa yamekatazwa hapo.

Wattpad, iliyoanza 2006, ni nyepesi kwa simu na ina wasomaji wengi vijana, ila inapenda sura fupi na jalada la kuvutia. Kwa sura za huko kata kwenye maneno 1,000 hadi 1,500. Kwenye makundi ya WhatsApp hadithi husambaa haraka na jina lako hubaki nyuma. Ukituma huko, andika jina lako na la kitabu ndani ya sura yenyewe, mstari wa kwanza na wa mwisho.

Msomaji amegundua kosa la saa katika sura niliyokwishaiweka. Nifanyeje?

Fungua jedwali, uone kama ana haki. Akiwa nayo, rekebisha, uandike chini ya sura umebadilisha nini na lini, umshukuru. Kama kosa limeshika hadithi nzima, usilizibe kwa kumleta msafiri wa pili aje kulirekebisha. Ndiyo dawa ya kwanza inayokuja kichwani, na huzaa makosa mawili mapya. Rudi kwenye tukio ambalo saa ilipotoka na uliandike upya kuanzia hapo.